Tupeane uzoefu: sabufa ya dukani na mtambo wa bei kali, masikio yenu yamesikia tofauti gani?

Mwana wa Kibokoni

Assalam aleikum jamani. Ukipita Digo Road hapa Mombasa jioni utaona maduka yalivyopanga sabufa mlangoni, kila moja imeandikwa wati nyingi kuliko ya jirani: 5,000, 8,000, 12,000. Upande wa pili wako wenzetu wanaoagiza spika ambazo bei yake inanunua kiwanja. Wengi wetu tuko katikati. Mtu ana sebule moja, anataka Kur'ani alfajiri, habari saa moja, taarab Ijumaa usiku na mpira wikendi. Huyo anunue nini? Maneno ya matangazo tunayo ya kutosha. Nataka mliyoyasikia majumbani mwenu.

Naanza mimi. Nyumba yetu ni ya zamani, ya mawe ya matumbawe na chokaa. Vyumba vyake ni virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki zaidi ya mita 3 hivi. Kaka yangu alileta sabufa nzuri tu, ikawekwa pembeni ya chumba pale kwenye soketi. Kila wimbo ukawa na besi ya aina moja, vuuu, na msomaji wa Kur'ani hashikiki maneno. Sabufa hiyo hiyo ikapelekwa kwa shangazi Kisauni, kwenye zulia na makochi mazito, ikasikika safi kabisa.

Ikabidi nitafute sababu. Sauti huenda takriban mita 343 kwa sekunde, na kuta mbili zilizoachana mita 3 hulikamata wimbi la karibu 57 Hz, yaani mitikisiko 57 kwa sekunde, likawa linavimba baina yao. Nguvu yake kubwa iko ukutani na pembeni, na katikati huwa dhaifu. Iliporudi tukaiweka katikati ya ukuta mfupi, tukatundika pazia zito kwenye ukuta uliokuwa mtupu, tukatandika mkeka na magodoro. Msomaji akaeleweka herufi kwa herufi, na hakuna shilingi iliyotoka. Kwa hiyo msimamo wangu ni chumba kwanza, spika pili, mengine baadaye. Haya, semeni yenu.

Fundi wa Mwembe Tayari

Waaleikum salaam. Mwanangu, hapo kwenye chumba umesema kweli. Niongezee habari ya wati, maana watu wanaumia.

Ile namba kubwa mbele ya sanduku huitwa PMPO. Haina kipimo kimoja kinachofuatwa na wote, kila kiwanda huhesabu kitakavyo. Geuza mtambo usome kibandiko cha nyuma. Pale pameandikwa umeme unaovutwa, mathalani 60 W. Mtambo unaovuta wati 60 ukutani hauwezi kuzipa spika 8,000 mfululizo, wala 60 zenyewe hazifiki zote, kwa sababu nyingine zinageuka joto. Tafuta namba ya RMS, yaani wati ambazo mtambo unaweza kuzitoa mfululizo. Kama haipo, soma ya nyuma, kisha upunguze kiasi.

Tena wati zikiongezwa mara mbili, sauti inapanda desibeli 3 tu (desibeli, au dB, ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Utaisikia, lakini si jambo la kuita majirani. Ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu unahitaji wati karibu mara 10. Ndiyo maana mteja akiniuliza kama achukue ya wati 30 za kweli au 50 za kweli, namwambia aziache namba asikilize spika.

Na kasoro kubwa ninayokutana nayo kwenye seti za bei ya chini haiko kwenye besi. Iko kwenye sauti za kati. Vile vispika vya pembeni vya inchi 3 haviwezi kushuka chini, kwa hiyo kiwanda huiachia sabufa ipige hadi 200 Hz au zaidi. Sauti ya mwanamume akizungumza ina msingi wake kati ya takriban 85 na 180 Hz. Sasa fikiria: kifua cha mwimbaji kinatoka kwenye sanduku lililo sakafuni nyuma ya kochi, mdomo wake unatoka juu ya kabati. Mteja ananambia, "Fundi, maneno siyasikii, niongezee trebo," yaani sauti za juu. Ukiongeza trebo unapata makali masikioni, mtu mwenyewe harudi.

Mwenye elfu 15 mpaka 20 mimi namshauri atafute amplifaya ya mitumba yenye spika mbili za kawaida, besi ya inchi 5 hadi 6 na nusu na twita yake juu (kile kispika kidogo cha sauti za juu), sanduku la mbao. Hana taa za kumeta, lakini akiweka taarab atamkuta mwimbaji amesimama pale katikati.

Bi Harusi wa Majengo

Fundi umenigusa. Mimi nakodisha muziki wa harusi, wanawake peke yao, kwa hiyo nazungumzia kelele ya kweli. Nimeona vijana wakiunguza twita kila msimu na lawama wanazitupia spika. Amplifaya ndogo ikisukumwa mpaka mwisho, wimbi linakatwa kichwa na kubaki bapa, na mabaki yake ni nguvu nyingi ya sauti za juu inayokwenda moja kwa moja kwenye twita. Twita ina koili nyembamba kama uzi. Inaungua.

Ninachokiangalia mimi ni ule wepesi wa spika kuitika. Spika ya 92 dB kwa wati moja, ukisimama mita moja, inataka robo tu ya nguvu inayotakiwa na ya 86 ili zilingane sauti. Namba hiyo iko kwenye karatasi ya spika za watu makini. Kwenye sanduku lenye namba ya 12,000 sijapata kuiona.

Ila za harusi zisiletwe sebuleni jamani. Zimeundwa zifike mbali, na kwenye chumba kidogo zinachosha.

Dada Likoni

Mimi napanga chumba kimoja, ukuta tunachangia na mama mwenye mtoto mchanga. Nilinunua hedifoni nzuri ya waya, elfu 6. Kwa bei hiyo hakuna spika itakayonipa usafi ule, na habari ya pembe na boriti hainihusu. Wanaokaa kama mimi waanzie hapo, na sauti iwe ya wastani. Sikio likishaharibika halina spea.

Mzee wa Tudor

Wanangu, mimi ni yule mnayemsema, mwenye vitu vya bei kali. Nimefanya kazi baharini, na bandari za Uingereza nilinunua spika za aina ya LS3/5A. Ziliundwa na wahandisi wa BBC miaka ya 1970 kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, mahali finyu. Ni sanduku dogo, urefu wake karibu sentimita 30, na besi yake si ya kutikisa dirisha. Nia yao ilikuwa mtangazaji asikike kama mtu, bila kuongezwa wala kupunguzwa.

Naomba mnisikilize. Nikiweka udi wa Zein l'Abdin, nausikia mkwaruzo wa kipigio kabla ya noti yenyewe, nasikia na kidole kikihama. Mjukuu wangu ana sabufa yake chumbani. Wimbo huo huo kwake una udi, lakini mkono wa mpigaji haupo. Hiyo ndiyo pesa yangu ilikokwenda, na siijutii. Anayesema hakuna tofauti hajakaa nazo jioni nzima.

Pia kuna jambo hamjalitaja: maisha ya kifaa. Amplifaya yangu imefunguliwa na mafundi wa mji huu, ikabadilishwa kapasita, ikafungwa, inaendelea. Michoro yake ipo. Seti nyingi za siku hizi zina ubao mmoja uliobeba kila kitu, chipu ikifa hakuna anayeigusa, inatupwa. Gharama ya kununua tena na tena nayo ihesabiwe.

Mwana wa Kibokoni

Shikamoo mzee. Hapo kwenye kutengenezeka nakubali bila ubishi. Lakini tusaidie: wewe ungemwambia mtu mwenye mshahara wa kawaida azifuate hizo?

Mzee wa Tudor

Marahaba. La, nisingemwambia. Bei ya LS3/5A leo ni ya watu wanaokusanya vitu adimu. Ningemwambia afuate nia yake: spika ndogo ya kweli, iliyopimwa kwa sauti ya binadamu. Zipo za mitumba za watu wasiojulikana sana, safi kabisa.

Kijana Bamburi

Shikamoo mzee, shikamoo fundi. Mimi na wenzangu tulibishana sana juu ya nyaya. Muuzaji mmoja alimtaka rafiki yetu alipe elfu 25 kwa waya wa spika wa mita 3, akisema shaba yake ni ya namna ya pekee. Tukaweka waya huo kwa spika moja na waya wa kawaida wa umeme wa milimita 1.5 mraba kwa nyingine, tukatundika leso mbele ili mtu asione, dada yangu akawa anahamisha sauti. Hakuna aliyeweza kusema ni upi, na rafiki mwenyewe alichagua ule wa kawaida kwa uhakika mkubwa. Ukipiga hesabu utaona ni haki: waya huo wa mita 3, kwenda na kurudi, una ukinzani wa karibu omu 0.07. Mbele ya spika ya omu 8 ni kitu gani hicho?

Nilipofuatilia nikakuta wataalamu wamelifanya kwa upana. Floyd Toole na Sean Olive mwaka 1994 waliwapa watu spika wazipe alama wakiziona, kisha pazia likashushwa. Wakiziona, alama zilifuata ukubwa na bei. Pazia liliposhuka, mpangilio ukabadilika. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha jaribio la kulinganisha rekodi za kiwango cha juu kabisa na sauti hiyo hiyo ikipitishwa kwenye kiwango cha CD cha tangu 1982. Majaribio 554, waliopatia ni asilimia 49.8. Ni sawa na kurusha shilingi.

Kilichonifurahisha zaidi katika kazi za kina Olive ni kwamba msikilizaji wa kawaida na yule aliyefunzwa, wakifichwa jina, huelekea kuzipenda spika zile zile. Kwa hiyo tusidharauliwe, masikio tunayo. Mzee yuko sawa kuhusu spika, na fundi yuko sawa kuhusu pesa. Kwenye nyaya mtu asitoe hata senti ya ziada.

Mama Zulekha

Nimesoma yote, ahsanteni. Swali langu ni dogo. Mwanangu ameona deki ya kuvutia kwenye vitu vilivyotoka Japani, bei yake iko chini mno. Nimruhusu?

Fundi wa Mwembe Tayari

Mama, asiichomeke ukutani! Japani umeme wao ni 100 V na wetu ni 240. Akiunganisha moja kwa moja itaungua hapo hapo, na ndiyo sababu ya ile bei. Anunue na transfoma ya kushusha, iwe na uwezo kuliko unaotakiwa na deki. Vitu vya Uingereza havina taabu hiyo.

Na kabla ya kulipa mtumba wowote, afungue kitambaa cha mbele aguse ukingo wa besi. Ukingo wa mpira huishi. Wa sponji huliwa na joto na unyevu wa hapa pwani, unabonyeza kidogo unameguka kama keki. Si mwisho wa spika, sponji tunabandika mpya, ila bei ishuke. Kisha azungushe kitufe cha sauti polepole. Kikikwaruza ni vumbi na chumvi, tunasafisha. Upande mmoja ukiwa kimya kabisa, hapo aache.

Ncha za nyaya nazo zikigeuka kijani, kata sentimita moja, menya upya, kaza. Wanaokaa karibu na bahari wafanye hivyo mara kwa mara.

Mama Zulekha

Mungu akubariki fundi. Nitamwambia aje nayo kwako kwanza kabla hajatoa pesa.

Mwana wa Kibokoni

Wengine endeleeni. Hasa nataka waliotumia vile vibao virefu vya chini ya TV: je, maneno ya mtangazaji wa mpira mnayapata, au ni kelele za uwanja tu? Na taja chumba chako kikoje, sakafu ya nini, umeweka wapi.