Mnaoandika masomo ya koding, hayo maelezo tunayasomaje??

Wakuu nimechoka aisee. Niko hapa Ng'ong'ona najisomea koding kwa simu, nafungua somo la Kiswahili la mtu anayejiita mtaalamu, kumbe kaweka mstari mmoja wa kodi (code) mrefu kama treni ya SGR na umevuta ukurasa MZIMA. Sio kodi peke yake, hadi maelezo!! Kila sentensi nasoma nusu, navuta kulia namalizia, narudi kushoto kutafuta mstari unaofuata, nikiupata nimeshasahau nilikuwa nasoma nini.

Nikamwandikia kistaarabu, jibu lake eti "tumia kompyuta". Haya, nikaenda kwa shemeji kwenye skrini kubwa, balaa jingine. Ili kodi ienee kapanua kila kitu, aya zimetoka ukingo hadi ukingo, jicho likirudi linaangukia mstari ule ule uliotoka kuusoma. Watu wa uchapaji walishasema zamani herufi 45 hadi 75 kwa mstari zinatosha, mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, nao unataka zisizidi 80, sasa yeye kaenda na lipi sijui.

Kodi kuwa pana sio kosa, weka tu URL moja ndefu umeshapita zile herufi 79 za PEP 8, mwongozo wa kuandika kodi ya Python. Kosa ni kuyalazimisha maelezo yafuate upana wake. Kwenye CSS, ile lugha ya kupanga mwonekano wa ukurasa, maelezo yape max-width: 65ch (kama herufi 65 hivi), pre, yaani kiboksi cha kodi, ipe overflow-x: auto, mtu askroli ndani ya kile kiboksi tu, aya zitulie. Basi! Ikigoma angalia kama umepanga ukurasa kwa grid au flex za CSS, maana humo kiboksi cha nje kilichoibeba pre huwa hakikubali kusinyaa kuliko kilichomo ndani, hicho cha nje kipe min-width: 0. Hapo ndo wengi wanashindwa wanakimbilia overflow-x: hidden kwenye body, yaani wanaikata kodi, mabano ya mwisho huyaoni na huwezi hata kuyavuta, afu mwanafunzi anaambiwa hayuko makini 😡

Na msiniletee hoja ya kukunja mistari, kwenye Python anayeanza atajuaje ipi indenti (nafasi ya mwanzo wa mstari) ya kweli na ipi imekunjwa na browza?

Kabla hujapost fungua hilo somo lako kwenye upana wa pikseli 320, kama wa simu ndogo, ulisome mwenyewe mwanzo mwisho. Linki siweki, mhusika yumo humu na anajijua.