Kazi, CPA, kuku na kibanda cha uwakala: nikaze wapi nilegeze wapi?

Mzee wa Chamazi ameandika:

Wakuu habari za mida hii. Naomba mawazo kwa waliopitia hii hali, sio ya kunitia moyo tu maana ya kutiwa moyo nishapewa mpaka nimeshiba.

Mimi ni mhasibu kwenye kampuni binafsi, ofisi ipo Posta, naishi Chamazi. Mshahara mkononi laki tisa na kidogo, njaa hailali kwangu ila nyumba ndo haijengeki. Pembeni nina banda la kuku wa nyama mia tatu hapo hapo nyumbani, nina kibanda cha uwakala wa kutuma na kutoa hela kwa simu hapo Rangi Tatu kuna dada anakaa namlipa kwa mwezi, halafu CPA, ile mitihani ya bodi ya wahasibu, nimebakiza masomo mawili, kodi na ukaguzi, nakaa Novemba hii. Nina mke na watoto wawili, mkubwa anaanza la kwanza Januari. Na juu ya yote nimebebeshwa uweka hazina wa kamati ya harusi ya binamu, eti kwa vile ni mhasibu.

Sasa shida yangu sio uvivu. Vifaranga wakiwa wadogo naamka saa kumi alfajiri kuangalia moto, saa kumi na mbili kasoro niko kituoni, nikifika ofisini tu simu inaanza, dada wa kibandani floti (salio la kuhudumia wateja) imeisha, mara mteja kagoma kuondoka anasema hela yake haijafika, mara katibu wa kamati anataka orodha ya waliotoa ahadi hawajalipa, na hapo mezani nina bank rekonsilieshen ya mwezi mzima, kulinganisha vitabu vyetu na taarifa ya benki, ambayo ukiikatisha katikati unaanza tena juu. Narudi nyumbani saa mbili usiku na foleni ile ya Kilwa Road, nafungua kitabu, ukurasa mmoja nausoma mara tatu hauingii. Kila kitu kinaenda lakini kinachechemea.

Naomba mnisaidie, nyie mnaamuaje kipi kipewe nguvu na kipi kisubiri? Kwangu vyote vinaonekana vya muhimu, ndo tatizo.

---

NgumuKumeza:

Mshika mbili moja humponyoka, wewe umeshika tano. Uza kibanda, uza kuku, soma. Uzi ufungwe.

---

Mtoto wa Temeke:

@NgumuKumeza hizo methali zilitungwa kipindi mshahara unafika mwisho wa mwezi ndugu yangu. Mwambie mtu wa laki tisa mwenye mtoto anaanza shule abaki na kitu kimoja halafu Januari umchangie ada wewe.

Mkuu mleta mada, mimi naona unajiuliza vibaya kidogo. Ukiuliza kipi muhimu utakesha, kwa sababu vyote ulivianza kwa sababu ya maana. Jiulize hivi, kipi mtu mwingine anaweza kukifanya mimi nisipokuwepo na kisiharibike sana? Kibandani yupo dada, kinachomkwamisha ni floti tu. Kuku kuna wiki wanakutaka kweli na kuna wiki wanahitaji mtu wa kuweka maji na chakula tu. Kamati ya harusi hata mtoto wa form four mwenye daftari anaweza. Lakini mtihani hakuna wa kukukalia, akikukalia hiyo ni kesi. Na ofisini ukikosea ritani za kodi ni jina lako.

Kwa hiyo viwili ni vya kwako mwenyewe, mtihani na ajira, na watoto nao maana baba hakodishwi. Vingine ni vya kusimamia. Wewe unavifanya vyote kwa mikono yako mwenyewe kama vile vina uzito sawa, ndo maana ukurasa hauingii.

La floti ni rahisi, mpe dada mtaji wa kutosha asubuhi na kiwango, ikishuka hapo aende mwenyewe kwa wakala mkubwa abadilishe, asikupigie. Mpangie muda wa kukutumia mahesabu, mara moja jioni akifunga. Na mwambie akipigiwa simu na mtu anajiita wa kampuni ya simu akate, usije ukajikuta kwenye yale ya tuma kwa namba hii.

---

Mke wa Mtu:

Nimesoma mara mbili kutafuta mke yuko wapi kwenye haya mambo nikamkuta katikati ya kuku na kamati ya harusi, kaorodheshwa kama mali 😂

Kaka yangu naomba nikuulize, wewe unatoka saa kumi na mbili asubuhi unarudi saa mbili usiku. Huo moto wa vifaranga mchana nani anaongeza mkaa? Maji nani anabadilisha? Mteja wa kuku watano akija saa nane mchana nani anamkamatia? Hapo kuna mtu anafanya kazi ya kutwa na hujaihesabu popote. Kabla hujaamua hapa jukwaani kipi kibaki, kaa na huyo mtu umuulize yeye angependa kipi kibaki, maana unaweza ukaamua kuongeza kuku ili usome kwa amani kumbe umemwongezea yeye.

---

Mzee wa Chamazi:

@Mke wa Mtu 😂😂 umenikamata pabaya. Mchana ni yeye na mdogo wake. Nimemuuliza jana usiku baada ya kusoma hapa, kacheka kwanza, kasema kuku hawana shida ila hataki tena wateja wa rejareja mlangoni, bora wauzwe kwa mkupuo hata bei ishuke kidogo. Na kasema kamati ya harusi niitoe leo leo, hiyo hata hakufikiria mara mbili.

@Mtoto wa Temeke hilo la floti nimelichukua kama lilivyo. Ila kuku sijui kama naweza kuwaacha, walioko bandani wako wiki ya tatu, wakitoka mwisho wa mwezi huu wa nane nilikuwa nataka niingize wengine Septemba katikati hivi baada ya kupumzisha banda, maana hesabu ya ada ya Januari ipo hapo. Nikiruka bachi moja ni laki nne mpaka tano hazipo.

---

Mama wa Mabanda:

Habari zenu. Mimi ni kuku tu sina CPA, ngoja nizungumzie ninachokijua.

Kuku wa nyama ana wiki tano, akizidi sana sita. Wiki mbili za kwanza ni za kukaa naye kama mtoto mchanga. Moto ukizimika saa tisa usiku ukaamka saa kumi na mbili, utawakuta wamekufa wale wa chini kwa kulaliana. Mimi huwa siangalii hata kipimo cha joto, nawaangalia wenyewe, wakijikusanya juu ya moto wana baridi, wakikimbilia ukutani wamefungua midomo wamezidiwa joto, wakisambaa wanakula huku na huku hapo nakwenda kulala. Chanjo ya siku ya saba na ya siku ya kumi na nne haitaki uahirishe, na uwe na maji ya kisima au uliyoyaacha wazi usiku kucha, maana maji ya bomba yenye dawa yanaua chanjo. Baada ya hapo mpaka wiki ya nne hata msichana wa kazi anaweza. Wiki ya tano ndo inarudi kukutaka tena, na hapo ni kwa ajili ya soko, kuku aliyefika uzito kila siku unayochelewa kumuuza anakula faida yako. Mia tatu mpaka watoke wanamaliza kama mifuko ishirini ya kilo hamsini, sasa ongeza wiki moja ya kuzubaa uone inakwenda mingapi.

Haya tuhesabu. Ukiingiza Septemba katikati, wiki mbili za kuamka usiku zinakupeleka mwisho wa Septemba, na soko linakuja mwisho wa Oktoba. Mtihani wako Novemba mwanzoni. Yaani utakuwa unatafuta wateja wakati wenzako wanamalizia kupitia maswali. Kuku wa kuuza kwa haraka anauzwa bei ya mnunuzi, unawapiga bei, na kitabu hujasoma.

Ushauri wangu, banda liache tupu. Lisafishe, pulizia dawa, toa maranda yote, acha lipumzike, na magonjwa yatapungua. Ukitoka chumba cha mtihani ingiza, wiki ya pili ya Novemba, wanafika wiki ya tano, ya sita, Krismasi hiyo hapo. Bei ya Desemba sio ya Oktoba, hiyo laki nne unayoililia sehemu yake utaiona huko.

---

Mtoto wa Temeke:

Mama wa Mabanda umemaliza. Ila badala ya kuacha tupu si angeingiza hata mia moja tu za kusukumia?

---

Mama wa Mabanda:

Hapana mwanangu. Mia moja wanaamsha saa kumi vile vile. Mkaa unapungua kidogo tu, usingizi haupungui hata kidogo, na faida ni theluthi. Bora asiwe nao kabisa.

---

Debiti na Krediti:

Mhasibu mwenzako hapa, CPA niliimaliza nikiwa kazini na mtoto mchanga kwa hiyo nakuelewa.

Watu wanakwambia panga muda lakini sisi muda wetu umeshapangwa na TRA. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya ufundi stadi) tarehe 7, VAT tarehe 20, na kama mwaka wenu wa hesabu unaishia Desemba basi tarehe 30 Septemba kuna instolmenti ya kodi ya mapato. Sasa chukua kalenda uziwekee alama hizo tarehe zote kuanzia leo mpaka mtihani. Utaona kuna mapengo, kuanzia tarehe 8 mpaka 14 hivi pako wazi, na baada ya tarehe 20 mpaka mishahara ianze kuandaliwa. Masomo mazito weka humo. Siku za kufunga mwezi usijidanganye kwamba utasoma, lala mapema tu. Mimi kilichokuwa kinanitesa ni ratiba ya kusoma kila siku masaa mawili, ilikuwa inakufa kila tarehe 18 halafu najisikia vibaya mpaka mwisho wa mwezi.

Pili, likizo. Sheria inakupa siku 28 kwa mwaka na najua hujazitumia kwa sababu wahasibu wote tuko hivyo. Omba sasa hivi Agosti hii, usisubiri Oktoba bosi akwambie tuna ukaguzi. Omba kuanzia tarehe 21 Oktoba, VAT imeshaenda, unarudi mtihani ukiisha. PAYE ya tarehe 7 Novemba itaangukia humo kwa hiyo mfundishe mtu mapema na umwachie kila kitu kimeandaliwa, mwambie bosi hilo kwenye barua yenyewe ya kuomba likizo, akiona umeshajibu swali lake hana pa kukatalia.

Tatu, somo la kodi unalifanya kazini kila siku, hilo una mtaji tayari, pitia maswali ya nyuma na mabadiliko ya sheria ya fedha, basi. Nguvu peleka kwenye ukaguzi, hilo ndo linarudisha watu kwa sababu kila mtu anadhani ni maneno matupu.

Na simu jamani. Ukiwa kwenye rekonsilieshen iweke kwenye droo. Mke ana namba ya mapokezi, moto ukiwaka atapiga huko.

---

NgumuKumeza:

Sasa si ndo nilichosema toka mwanzo? Uza kuku usome 😂 mmezunguka kilomita tano.

---

Mtoto wa Temeke:

Hapana, wewe ulisema auze kuku na kibanda. Sisi tumesema asiingize vifaranga mpaka Novemba. Banda lipo, kibanda kipo, mshahara upo. Tofauti kubwa hiyo.

---

Mke wa Mtu:

Na kamati ya harusi?

---

Mzee wa Chamazi:

Kamati nimetoka 🙏 nimemkabidhi mdogo wake bwana harusi daftari na hela mbele ya mashahidi, kila mchango na jina lake, binamu kanuna ila mama yake kanielewa. Nitatoa mchango wangu na siku ya harusi nitakuwepo nimevaa sare.

Barua ya likizo nimeandika leo, bosi kasema ataangalia, kwa jinsi alivyosema naona itapita. Bado naumwa na ile bachi ya Septemba siwezi kudanganya, laki nne ni hela. Nimekaa na wife tukaona ada ya muhula wa kwanza tuanze kuitenga kidogo kidogo kwenye kamisheni ya uwakala kuanzia mwezi huu, isiguswe, ya Krismasi ikija imalizie. Mama wa Mabanda swali la mwisho, hao vifaranga wa Novemba niagize lini?

---

Mama wa Mabanda:

Weka oda Oktoba mwanzoni na ulipie kabisa. Ukisubiri Novemba utaambiwa vimeisha au utauziwa bei ya ulanguzi, maana Dar nzima inapiga hesabu ya Krismasi kama wewe. Chukua kwa wakala anayekupa risiti yenye tarehe ya kupokea, na tarehe hiyo iwe baada ya karatasi yako ya mwisho, sio siku hiyo hiyo. Lala usiku mmoja kwanza.