Tupeane uzoefu: mchezo uliokesha ukiuandaa, mtoto akaumaliza kwa dakika tatu

MamaPacha
Wakuu, naanza mimi. Juzi nimekesha nakata maboksi. Duara, mraba, pembetatu, kila umbo na tundu lake la kupitia. Nikapaka rangi, nikakaa kuisubiri ikauke huku nasinzia. Asubuhi nikawaita wanangu, mapacha wa miaka miwili na nusu, kwa ile sauti ya utamu ya watangazaji wa vipindi vya watoto. Mmoja kachukua duara, kalitafuna. Wa pili kaingia kwenye boksi nililobakiza, kajifunika, kagoma kutoka mpaka saa sita mchana. Maumbo yangu yote yako chini ya kochi.
Haya, na wewe ulikesha ukaambulia nini? Watoto wa chini ya miaka mitano tu, tafadhali.

KimyaKingi
Boksi halijawahi kushindwa.

BabaWatatu
Umenikumbusha mbali, dada. Mimi ulikuwa unga wa kuchezea. Vikombe viwili vya unga wa ngano, kimoja cha chumvi, maji kikombe hivi unayaongeza kidogokidogo, mafuta vijiko viwili, unakanda mpaka uache kunata. Nikatengeneza bonge la bluu na bonge jekundu, nia yangu wachanganye waone zambarau inavyozaliwa. Somo la rangi, si ndiyo? Walichanganya, sikatai. Walichanganya na zulia.
Nikakimbilia maji ya moto na brashi, kumbe ndio naharibu, ukageuka gundi. Uacheni ukauke kabisa, mkwangue kwa kijiko, kisha mfagie. Mimi nilijua hilo siku ya nne.

ShangaziMkali
Wenye mbwa, unga huo msiuache chini. Ile chumvi yote mbwa akiila ni sumu kwake.

BabaWatatu
Mbwa wangu aliunusa akaondoka. Mwanangu ndiye aliyeumega na kumeza.

MwalimuWaWadogo
Mnakesha bure, wazazi wangu. Miaka ishirini nafundisha chekechea. Froebel, yule Mjerumani aliyefungua shule yake ya watoto wadogo mwaka 1837, zawadi ya kwanza aliyowaandalia watoto ilikuwa mipira ya sufu. Ya pili tufe, mche mraba na mcheduara wa mbao. Ya tatu mche mraba uliokatwa vipande 8. Basi! Mtoto anabomoa, anajenga, anahesabu bila kuambiwa anahesabu. Hakuna aliyekesha na mkasi.

BabaWatatu
Hivyo vipande 8 vilijikata vyenyewe? Kuna baba wa watu alikesha na msumeno.

MwalimuWaWadogo
😂 Hapo umenipata.

MtuWaAmani
Mimi sina habari na mikasi wala unga. Nampa simu. Kuna programu ya herufi, inaimba, inapiga makofi. Ana miaka miwili na anazitaja zote mwanzo mpaka mwisho. Nyumba tulivu, zulia salama.

ShangaziMkali
Miaka miwili unamwachia simu? Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo 2019: wa mwaka mmoja kushuka chini asikalishwe mbele ya skrini kabisa, wa miaka miwili hadi minne isizidi saa moja kwa siku, na ikipungua ndio bora zaidi.

MtuWaAmani
Aliyeandika hayo alishawahi kushinda ndani na mtoto anayeota magego, mvua inanyesha siku tatu?

ShangaziMkali
Kuimba herufi si kuzijua. Muonyeshe moja peke yake, kutoka katikati, kwenye karatasi. Halafu urudi hapa.

MtuWaAmani
Narudi na ushindi. Subiri.

NimechokaNipo
Nasoma kimyakimya tangu asubuhi ila hii ya MamaPacha imenitonesha kidonda, acha niseme.
Wangu alikuwa na miaka mitatu. Niliona mahali beseni limejazwa maharage makavu, na vijiko na vikombe, mtoto achote, amimine, ajifunze kujaa na kupungua. Nikaandaa. Na kweli alitulia, ile sauti ya maharage yakimwagika ilimkolea. Simu ikaita. Nimeongea dakika mbili, kwa haki kabisa dakika mbili. Narudi, beseni lipo, maharage yapo, mtoto kimya. Mnaujua ule ukimya. Ananitazama kwa heshima isiyo yake, na akipumua pua moja inapiga mluzi.
"Mama, limeingia kulala."
Nikachukua kile kibanio cha kung'olea nyusi. Nililiona kabisa, linang'aa hapo mlangoni. Nikaligusa, likateleza ndani. Nikaligusa tena, likazidi kwenda. Nikamwambia apenge kamasi. Akavuta kwa ndani, kwa nguvu zake zote, akijua ananisaidia. Na harage likipata unyevu linavimba, hilo nililijua jikoni miaka yote, ila siku ile ndio niliogopa maana yake.
Hospitali tumefika mimi nalia, yeye anahesabu taa za darini. Tabibu wa zamu, mzee mmoja mtaratibu, wala hakushika chombo. Kaniambia: "Mama, mwambie unambusu. Weka mdomo wako juu ya mdomo wake uzibe vizuri, tundu la pua lililo wazi libane kwa kidole, halafu puliza mara moja, kwa mkato." Nikadhani ananidhihaki. Nikapuliza, wapi. Kasema rudia. Nikapuliza ya pili, harage likaruka na kamasi lake likanibandika shavuni. Lilikuwa limeshapasuka ganda.
Mtoto akacheka akasema, "Tena!"

KimyaKingi
Nimecheka kazini, bosi kanigeukia.

MamaPacha
"Limeingia kulala" 😭😭

FundiWaNyumba
Kwangu ilikuwa shanga, sikioni. Tupo wengi.

Mkongwe
Pole mama, ila mlijisumbua. Ungemnusisha pilipili manga apige chafya, yote yangetoka na deni.

MuuguziUsiku
Jamani, hapana. Kabla ya chafya mtu anavuta pumzi ndani, na pilipili inachoma. Ile busu ni njia inayojulikana, tunawaelekeza wazazi, haifaulu kila mara lakini haiumizi. Kibanio ndicho kinachosukuma kitu ndani.
Ila tofautisheni. Harage ni harage. Ile betri ndogo bapa kama sarafu, ya kwenye rimoti na vinyago vinavyoimba, ikiingia puani au akiimeza, usikae kupuliza wala kungoja. Ikikwama kooni saa mbili zinatosha kuunguza vibaya. Kagua kila kinyago, kifuniko cha betri kiwe cha skrubu. Na vile vishanga vya rangi vinavyovimba kwenye maji, mkiwa na wadogo msivinunue. Vinavimba vilevile tumboni na kwenye eksirei mara nyingi havionekani.

Mkongwe
Sisi tulichezea kila kitu na tupo.

MuuguziUsiku
Waliopo ndio wanaoandika hapa, mkuu.

ShangaziMkali
Kipimo changu ni bomba la karatasi ya chooni. Kinachopenya humo hakimhusu wa chini ya miaka mitatu.

Mkongwe
Kidole chake kinapenya, tukikate?

MamaPacha
Wakuu, uzi ulikuwa wa michezo. Umeshahamia puani. Nani ana kitu kilichofanya kazi, hata siku moja?

FundiWaNyumba
Ndoo ya maji robo na brashi kuukuu ya kupakia rangi. Mtoke nje, mwambie ukuta umechakaa, apake. Ukuta unabadilika rangi, anafurahi. Akifika mwisho, mwanzo umeshakauka, anarudi kupaka upya. Wangu alifanya hivyo mpaka jua likazama, na aliniuliza maji yameenda wapi, swali ambalo sikulitegemea kwa mtu wa miaka minne. Kaa pale pale, ukimaliza mwaga ndoo, usiiache na maji.

Bibi_wa_Saba
Soksi. Mwaga rundo la soksi safi, atafute kila moja na mwenzake. Rangi, ukubwa, mistari, vyote vimo humo.

KimyaKingi
Bibi, hiyo si kufua nguo kwa hila?

Bibi_wa_Saba
Nimelea saba, mjukuu wangu. Hila ndiyo iliyonifikisha.

MwalimuWaWadogo
Soksi nakazia. Nashuka mwenyewe kwenye hoja ya mbao.

MtuWaAmani
Nimerudi. Nimeandika M kubwa kwenye karatasi, nikamwonyesha. Akaitazama, akaigonga kwa kidole mara mbili, akasema, "Ruka tangazo."

ShangaziMkali
Sisemi kitu.

MtuWaAmani
Usiseme, shangazi. Hiyo brashi ni ya upana gani?

FundiWaNyumba
Yoyote. Ikiwa nzito atachoka mapema, na hapo ndipo faida yako.

MamaPacha
Boksi limepasuka, wanagombea upande wenye kifuniko. Nani ana la friji?