Naomba ushauri: nawafundishaje watoto wadogo India na China ya kale?

Mama Wawili: Wakuu, habari za jioni. Wanangu wana miaka 6 na 8, likizo hii tunasoma historia nyumbani. Misri waliipenda mno. Tumefika India na China ya kale, wamepoa. Kitabu nilicho nacho ni wafalme na tarehe tu. Nianzie wapi?

Fundi Tofali: Anza na choo. Sitanii. Mohenjo-daro, mji wa bonde la Mto Indus (siku hizi ni Pakistani), zaidi ya miaka 4,000 iliyopita nyumba nyingi zilikuwa na bafu, na maji machafu yalitoka hadi mitaro ya barabarani iliyofunikwa. Watoto wa umri huo ukiwatajia choo umeshawapata. Kisha wafyatue vitofali vya udongo: kimo sentimita 1, upana 2, urefu 4. Ndio uwiano wa tofali za kule, na Harappa, mji mwingine wa bonde hilo, mbali kilomita mia kadhaa, walifuata huohuo. Wajenge mtaro, wamwage maji.

Kalamu Nyeusi: Na mihuri ya watu hao wa Indus je? Walichonga fahali, tembo, kifaru, hata mnyama wa pembe moja, na juu yake maandishi mafupi. Mpaka leo hakuna aliyeweza kuyasoma. Waambie hivyohivyo. Mtoto hupenda sana kusikia kuna kitu maprofesa wamekishindwa.

Mama Wawili: Hapo kwenye choo nimecheka 😂 China je? Nilifikiria Ukuta Mkuu.

Mwalimu Mstaafu: Binti yangu, Ukuta uache kwanza. Huo wa kwenye picha sehemu kubwa ni wa enzi ya Ming (karne ya 14 hadi 17 B.K.), juzi tu. Nenda Anyang, mji wa China, enzi ya Shang, karibu mwaka 1200 K.K. Mfalme Wu Ding akiwa na jambo la kuuliza, mvua au vita, gamba la kobe au mfupa wa bega la ng'ombe uliunguzwa hadi ukapata ufa, ufa ukasomwa, swali likachongwa palepale. Hata uzazi wa mkewe, Fu Hao, uliulizwa hivyo. Mama huyo aliongoza majeshi! Kaburi lake lilifukuliwa 1976, lilikuwa na kauri, yale makombe madogo ya baharini, karibu 7,000. Kama mko pwani, waokote kauri wazishike mkononi. Kata magamba ya kadibodi, waandike maswali yao. Maandishi yale ndiyo yaliyozaa ya Kichina cha leo: mti 木, miti miwili 林, mitatu 森, msitu.

Pwani Raha: Na twiga wa Malindi aliyepelekwa China?

Mwalimu Mstaafu: Huyo ni wa karne ya 15 B.K. Asubiri zamu yake.

Mama Wawili: Shikamoo mwalimu, ahsante. Wa miaka 8 ni wa kike, Fu Hao atamfaa. Fundi, vitofali tukivianika juani tu, maji si yatavimomonyoa?

Fundi Tofali: Yatavimomonyoa. Acha vimomonyoke, ndipo uwaulize kwa nini za wenzao zipo hadi leo. Walizichoma.