Puli za aluminiamu zinapasuka kwenye mikono: niongeze unene au nibadilishe umbo?

FundiMoro: Habari zenu wakuu. Nina karakana Morogoro, nasubu puli za mashine za kusaga kwa aluminiamu chakavu, kwenye mchanga. Inayonitesa ni ya kipenyo cha mm 300: ukingo mm 10, mikono minne iliyonyooka, kitovu mm 70 kizima, tundu la shafti ya mm 40 linatobolewa baadaye kwenye lathe. Ufa hutokea mkono unapokutana na kitovu, na tukitoboa tunakuta sponji ndani, yaani vitundu vitundu. Niliongeza unene wa mikono, ufa ukabaki palepale na puli ikawa nzito. Mteja anataka nyepesi na imara. Nisaidieni.

ChumaMoto: Mkuu, usiongeze hata milimita. Ugonjwa uko kwenye kitovu. Chukua ujazo wa kila sehemu, gawanya kwa eneo la uso wake unaopoza. Muda wa kuganda unakwenda na mraba wa jibu hilo. Kitovu chako kinatoa kama 17.5, ukingo 5. Yaani kitovu kinachukua karibu mara 12 ya muda wa ukingo! Ukingo umeshakuwa mgumu, kitovu katikati bado majimaji. Aluminiamu ikiganda hupungua ujazo kwa takriban asilimia 6, na kitovu hakina pa kuvuta nyongeza, ndiyo hiyo sponji. Kikiendelea kusinyaa kinavuta mikono, nayo imenyooka, haina pa kulegea. Inachanika.

Weka kiini cha mchanga cha mm 34 katikati, yaani kipande cha mchanga kinachoacha tundu wakati wa kusubu. Ukuta unabaki mm 18, na bado una mm 3 kila upande za kuchonga. Juu ya kitovu acha kisima cha kulishia, yaani akiba ya majimaji ya kujazia kitovu kinaposinyaa. Mikono iwe mitano, iliyopinda kama herufi S, ili hakuna miwili inayovutana uso kwa uso. Maungio yasiwe na kona kali, zungushia radiasi ya mm 8 hivi.

DadaLathe: Kiini nakiunga mkono, kazi ya kutoboa inapungua sana. Ila modeli ya mbao ya kukandamiza mchangani, yenye mikono iliyopinda, si ya kila seremala. Kwa nini asiweke sahani nzima yenye matundu? Ukipa pande mteremko wa digrii 2 inatoka mchangani bila kubomoa.

ChumaMoto: Dada, sahani bapa nayo haipindi. Ikiwa na bonde kidogo kama sahani ya wali, hapo sawa.

MzeeKalibu: Wanangu, hamjauliza chakavu gani. Fundi, unayeyusha nini?

FundiMoro: Shikamoo mzee. Nachanganya fremu za madirisha na vichwa vya injini.

MzeeKalibu: Marahaba. Fremu ziache kabisa kwa kazi hii, hupasuka zikiwa bado za moto. Tumia pistoni na vichwa vya injini, zina silikoni nyingi na zinajaza moldi vizuri. Na kumbuka, kwa mizunguko 1,500 kwa dakika ukingo wa puli hiyo unakimbia karibu mita 24 kwa sekunde. Kipande kikikatika kinamfuata mtu aliyesimama na debe lake la mahindi. Ya kwanza ya umbo jipya usiiuze: ikate kwa msumeno katikati ya kitovu na kwenye kila ungio, utuletee picha hapa.

FundiMoro: Nimekuelewa mzee. Modeli ya mikono mitano naipeleka kwa seremala kesho.