Majibu ya picha ya Baba Sheri

Mama Sheri: Tumetoka kwa daktari hapa Kisumu. MRI ya kichwa inaonyesha doa palepale walipotoa uvimbe na limekuwa kubwa. Niko kwa gari siwezi hata kuwasha, Baba Sheri amelala nyuma

Omondi: Aki anti pole. Si amemaliza mionzi juzi tu

Mama Sheri: Wiki ya saba leo. Mionzi mara 30 na zile tembe

Linet: Anti usiendeshe ukiwa hivo. Nisikize kwanza. Glioblastoma, hii kansa yake ya ubongo, ni mbaya siwezi kukudanganya, lakini doa likikua ndani ya miezi mitatu baada ya mionzi si lazima iwe imerudi, mionzi yenyewe huumiza mishipa ya damu inavuja na ile dawa wanadunga wakipiga MRI inapenya hapo inang'aa kama uvimbe kabisa, hata daktari mzoefu akiangalia picha moja anaweza kushindwa kusema ni gani. Ndio maana kuna skani ya PET, unadungwa dawa yenye mionzi kidogo, kansa iliyo hai inaivuta sana kuliko kidonda cha mionzi

Omondi: Sasa hiyo dawa haiwezi kuletwa huku? Niko Nairobi na gari narudi Ijumaa

Linet: Omera itaishia njiani. Kila dakika 110 nusu yake imepotea, masaa sita barabarani utafika na kama sehemu moja ya kumi. Na bado utahitaji mashine. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta wanayo, Aga Khan pia, zote upande wa Nairobi

Anko Shem: Basi tuchange leo. Naanza na elfu tano

Linet: Asante anko, lakini tuulize kwanza ni dawa gani. Ile iliyotengenezwa na sukari ndio imezoeleka, shida ubongo wenyewe hula sukari usiku na mchana kwa hivo picha yote inawaka na uvimbe unajificha humo. Kwa kichwa inayofaa ni ya amino asidi, yaani vipande vya protini, ubongo usio na ugonjwa hauivuti sana. Wapigiwe simu kabla hatujalipa chochote, hatuna pesa ya skani mbili

Mama Sheri: Niandikie jina

Linet: FET. Uliza "PET ya amino asidi, FET". Na uitishe picha za zamani kwa CD, watataka kulinganisha

Mama Sheri: Narudi ndani kabla daktari hajatoka. Omondi mpigie Baba Sheri umuongeleshe, ameamka anauliza mbona tumesimama