Makala iliyo muhimu inazama, iliyotaja jina tu inapanda: nirekebishe wapi?

Swali
Habari wakuu. Nina makala 10,000 za kilimo za Kiswahili kwenye Elasticsearch (programu ya kutafuta ndani ya maandishi), mipangilio ni ile iliyokuja nayo. Mtu akitafuta "batobato ya muhogo", juu vinakaa vipeperushi vya aya mbili vilivyotaja ugonjwa huo mara moja. Makala inayoeleza kuchagua vipando safi na kuwadhibiti inzi weupe iko ukurasa wa pili. Je, niondoe maneno kama "ya"?

Jibu 1
"Ya" haina kosa. Chukulia imo kwenye makala 9,800: uzito wake kwa BM25, kanuni ambayo Elasticsearch hutumia kuzipa makala alama na ambayo neno adimu huipa uzito zaidi, ni ln(1 + 200.5/9800.5), yaani 0.02. "Muhogo" ikiwa kwenye makala 40 inapata 5.5. Ukiiondoa "ya", mpangilio wa matokeo hautasogea.

Kinachokuumiza ni urefu. Kigezo b, kinachoamua urefu wa makala upunguze alama kiasi gani, kimewekwa 0.75, kwa hiyo maandishi mafupi yanapendelewa mno. Kishushe hadi 0.3: funga faharasa (index, hazina ya maneno ya makala zako), badili b kwenye similarity ya default (mpangilio wa kanuni ya alama), ifungue tena. Kabla ya hapo tuma swali lako likiwa na "explain": true, uone kila neno limechangia alama ngapi. Usikisie.

Jibu 2
Naongezea, maana b peke yake haitatosha. Hiyo makala ya vipando nadhani imeandika "mihogo" kila mahali. Kwa mashine, muhogo, mhogo na mihogo ni maneno matatu yasiyojuana, na Elasticsearch haina kichanganuzi cha Kiswahili cha kuyatambua kuwa neno moja.

Muulizaji
Kweli, ni "mihogo" tupu. Basi nikate viambishi vyote vya ngeli?

Jibu 2
Hapana! Ukikata ki- na vi-, "kitabu" kinakuwa "tabu". Ukikata ki- na m-, "kiti" na "mti" vyote vinabaki "ti", na anayetafuta mti ataletewa samani. Andika faili la visawe, yaani maneno ambayo mashine iyahesabu kuwa sawa, mstari mmoja kwa kila kundi:

muhogo, mhogo, mihogo
kipando, vipando

Anza na majina ya mazao, wadudu na magonjwa. Liweke upande wa utafutaji, litumike mtu anapotafuta na si makala zinapohifadhiwa, usilazimike kujenga faharasa upya kila unapoongeza neno.

Jibu 3
Yote hayo yapimeni, tafadhali. Chukua maswali 30 halisi ya watumiaji, na kwa kila moja zipe makala kumi za juu alama: 0 haimsaidii aliyeuliza, 1 inamsaidia kidogo, 2 inamjibu. Anayetoa alama asijue matokeo yametoka mipangilio ipi, ya zamani au mipya. Ahukumu haja ya muulizaji. Makala ya inzi weupe ni 2 hata ikitaja batobato mara moja, kwa kuwa ndio wanaoeneza ugonjwa; kipeperushi chenye jina tu ni 0.

Alama za BM25 zenyewe msizilinganishe kati ya swali na swali. 12 ya swali hili na 7 ya lile hazina kipimo kimoja, ndiyo maana kuweka kikomo kama "ficha kila kilicho chini ya 8" huwa kunafuta majibu mazuri ya maswali mafupi.